Maisha ya Bwana Zinzendorf, na Saa za Kukesha za Herrnhut

Kila Kwaresima inapoingia twaazimu kusali zaidi, kusoma Maandiko zaidi, na kujinyima. Juma la kwanza twaenda vema. Juma la pili mvua inanyesha, magugu yamejaa shambani, mtoto anaugua, na azimio letu limekwisha kulala. Kila mwalimu wa ushirika ayajua haya. Kwa hiyo mwezi huu twapenda kuwasimulia habari za mtu wa zamani, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, aliyeuona ushirika uliopoa ukiwashwa tena, na moto wake ukadumu zaidi ya miaka 100.

Wenzetu wa Tunduma, Vwawa na Mbozi wasidhani kwamba habari hizi ni za mbali. Majirani zao Wamoravian ni wana wa kazi ya mtu huyu. Mwaka 1891 wamisionari wa Kilutheri wa Berlin na wamisionari Wamoravian walifika pande za kaskazini ya Ziwa Nyasa, wakagawana nchi ya kazi, Walutheri upande wa mashariki, Wamoravian upande wa magharibi. Mwaka 1899 Mmoravian mmoja, Traugott Bachmann, akaenda hata nchi ya Wanyiha akaanzisha kituo cha Mbozi. Na mwaka 1913 Wanyiha wakapata Agano Jipya lililopigwa chapa kwa lugha yao wenyewe. Mto huo ulikuwa na chemchemi yake, nayo ilikuwa kijiji kidogo cha Ujerumani kiitwacho Herrnhut.

Zinzendorf alizaliwa Dresden tarehe 26 Mei 1700, katika ukoo wa makabaila. Baba yake akafa mtoto angali na majuma machache tu. Mama yake alipoolewa tena, mtoto akalelewa na bibi yake mzaa mama, mwanamke mcha Mungu na msomi. Alipokuwa na miaka 10 akapelekwa shuleni Halle, kwa mchungaji Francke, na huko akafanya umoja na wavulana wenzake, wakauita Punje ya Haradali, wakaahidiana kumpenda Kristo na watu wote. Kisha jamaa zake wakampeleka Wittenberg, mji wa Luther, ajifunze sheria, maana haikuwa desturi kabaila kuwa mchungaji.

Mwaka 1719, akiwa safarini, aliingia katika nyumba ya picha mjini Düsseldorf. Palikuwa na picha iliyochorwa na Domenico Feti, ya Bwana Yesu amevikwa taji ya miiba, na chini yake maneno ambayo Bwana amwuliza mtazamaji: yeye aliyeteswa hivyo kwa ajili yake, amefanyiwa nini naye? Kijana akasimama mbele ya picha ile akaona haya. Maisha yake yote aliyakumbuka Mateso ya Bwana kama deni lisiloweza kulipwa.

Mwaka 1722 akanunua shamba kubwa la Berthelsdorf, na mwaka huo huo akamwoa Erdmuthe Dorothea. Wengi wamsifuo Zinzendorf humsahau mama huyu, nasi twaona si haki. Ndiye aliyetunza fedha na mashamba wakati mumewe alipokuwa safarini, naye alizaa watoto 12, na wengi wao akawazika wangali wadogo.

Siku zile Wakristo wa Moravia walikuwa wakiteswa kwa ajili ya imani ya baba zao. Seremala mmoja, Christian David, akawaongoza wachache kuvuka mpaka usiku, na Zinzendorf akawapa mahali pa kukaa. Tarehe 17 Juni 1722 seremala yule akaukata mti wa kwanza. Kijiji kikaitwa Herrnhut, jina lenye maana ya ulinzi wa Bwana: watu wanaolindwa na Bwana, nao wenyewe wanamkeshea.

Lakini jina jema halikuwafanya kuwa wema. Hata mwaka 1727 watu walikuwa wapata 300, wengine Wamoravia, wengine Walutheri, wengine wa madhehebu mengine, na kila mmoja akaishika desturi yake kama silaha. Wakagombana juu ya Meza ya Bwana na juu ya ibada. Mmoja akafika hata kunena kwamba Zinzendorf ndiye yule mnyama wa Ufunuo, na mchungaji Rothe ni nabii wa uongo! Watu walioacha nyumba na mashamba kwa ajili ya imani hawakuweza kukaa pamoja katika kijiji kimoja.

Zinzendorf angeweza kuwafukuza, maana ardhi ilikuwa yake. Hakufanya hivyo. Akaiacha kazi yake ya serikali huko Dresden, akahamia kwao, akaenda nyumba kwa nyumba, akaketi, akasikiliza, akasali nao. Tarehe 12 Mei 1727 wakatia sahihi kanuni za kukaa pamoja. Tarehe 13 Agosti wakaitwa kwenye Chakula cha Bwana katika kanisa la Kilutheri la Berthelsdorf, na huko mioyo ikayeyuka. Waliokuwa maadui wakasameheana kwa machozi. Haikuwa Kwaresima, ilikuwa katikati ya mwaka. Lakini toba haingoji kalenda.

Machozi hukauka, nao walilijua hilo. Kwa hiyo majuma mawili baadaye, tarehe 27 Agosti, wanaume 24 na wanawake 24 wakagawana saa za mchana na usiku, kila mtu saa yake moja, mwanamume mahali pake na mwanamke mahali pake. Waliukumbuka moto wa madhabahu katika Mambo ya Walawi, ambao haukuruhusiwa kuzimika. Twaomba wasomaji watazame jinsi mzigo ule ulivyokuwa mwepesi. Hakuna aliyeambiwa akeshe usiku kucha. Mkulima alisali saa yake akarudi shambani. Aliyepewa saa nane ya usiku aliamka, akasali, akalala tena. Mmoja akiwa mchovu, wengine 23 walikuwa wakimchukulia. Sisi mara nyingi huanza Kwaresima kila mtu peke yake, kwa azimio kubwa kupita nguvu zake, na hakuna ajuaye siku tulipoliacha.

Jambo la pili lilikuwa dogo zaidi. Tarehe 3 Mei 1728, katika ibada ya jioni, Zinzendorf akawapa watu neno moja fupi la kuchukua nyumbani kwa siku ya kesho. Ikawa desturi ndugu mmoja kulipeleka neno la siku kila nyumba asubuhi, naye akawajulia hali waliomo. Mwaka 1731 maneno hayo yakapigwa chapa kuwa kitabu, na tangu hapo yametolewa kila mwaka. Na asubuhi ya Pasaka ya mwaka 1732 vijana wakapanda kilima cha Hutberg kabla ya mapambazuko, wakamsifu Bwana aliyefufuka katikati ya makaburi. Ndiyo asili ya ibada ya alfajiri makaburini ambayo Wamoravian huifanya baada ya kusoma habari za Mateso juma zima.

Mwaka huo huo Leonhard Dober na David Nitschmann wakaenda kisiwa cha St. Thomas kuwahubiri watumwa Waafrika. Mwaka 1736 Zinzendorf akafukuzwa katika Saksonia, asirudishwe hata 1747. Akazunguka Ulaya, akavuka bahari kwenda St. Thomas na Pennsylvania.

Hatufichi kosa lake. Katika miaka ya 1740, huko Herrnhaag, kuyatafakari majeraha ya Bwana kukageuka kuwa mchezo. Wakatunga maneno ya kitoto juu ya Mateso, wakapenda utamu wa mioyo yao kuliko Msalaba wenyewe, na mwanawe Christian Renatus akawa miongoni mwa viongozi. Zinzendorf mwenyewe alikuwa ameichochea lugha ile. Mwaka 1749 akaandika barua kali ya kuwaonya, akamwondoa mwanawe, na ushirika wa Herrnhaag ukatawanyika. Kijana yule akafa London mwaka 1752, akiwa na miaka 24. Mama yake akafa 1756.

Zinzendorf akamfuata tarehe 9 Mei 1760, huko Herrnhut. Wakamzika kilimani Hutberg, mahali pale pale pa ibada ya Pasaka. Na usiku wa maziko yake saa za kukesha ziliendelea kwa zamu kama kawaida, katika mwaka wa 33 tangu zilipoanza.