Maisha ya Charlie Chaplin

Charlie Chaplin alizaliwa mwaka 1889 mjini London, Uingereza. Wazazi wake walikuwa waimbaji. Babaye alikuwa mlevi, akawaacha. Kisha mamaye akapotewa na sauti, akakosa kazi, na Charlie alipokuwa na umri wa miaka 7 wakaingia katika nyumba ya mafukara, na humo watoto wakatengwa na mama yao. Njaa na aibu ya siku zile hakuisahau kamwe.

Alipokuwa kijana alivuka bahari kwenda Marekani, na mwaka 1914 akaanza kuonekana katika sinema. Wakati huo sinema zilikuwa bubu. Charlie alivaa suruali pana, koti la kubana, viatu vikubwa na kofia ndogo, akashika bakora, akatembea kama bata. Mtu angepita hivyo katika njia za Temeke au Kinondoni, watu wangecheka bila kuelezwa neno. Nao walimwengu walimcheka vivyo hivyo.

Lakini tazama ni nani hasa aliyechekwa. Katika sinema ya mwaka 1917, maskini wanawasili Marekani kwa meli. Mara sanamu ya Uhuru inapoonekana, maofisa wanawazuia kwa kamba kama ng'ombe. Katika City Lights ya mwaka 1931, fukara anamwokoa tajiri aliyetaka kujiua. Tajiri akilewa, humkumbatia fukara kama ndugu. Pombe ikimtoka, hamjui tena, huamuru afukuzwe.

Sinema za kusema zilikuwa zimekwisha kuenea, naye akakataa kumpa fukara wake maneno. Mwaka 1936 akaigiza mfanyakazi wa kiwandani, akazaye nati mchana kutwa hata mikono yake haiwezi kuacha. Bwana wa kiwanda analetewa mashine ya kuwalisha watu, wasipoteze saa ya chakula. Charlie anafungwa katika mashine hiyo ajaribiwe. Mashine inaharibika, na hindi linamzungukia mdomoni kwa kasi ya ajabu.

Mwaka 1940 alisema hatimaye, akamdhihaki Hitler. Wakubwa wengi wa Marekani hawakumpenda. Mwaka 1952, akiwa melini kwenda Uingereza, alipata habari kwamba kibali chake cha kurudi kimefutwa. Basi akakaa Uswisi na mkewe na watoto. Hakukanyaga Marekani tena hata mwaka 1972, alipoitwa kupewa heshima. Watu wakasimama, wakampigia makofi kwa muda mrefu, naye mzee wa miaka 82 akashindwa kusema mengi. Alifariki Uswisi tarehe 25 Desemba 1977.