Tiny Broadwick: Mama aliyekata kamba angani
Kabla raia wa Marekani hawajapata kituo cha kujifunza kuruka na parachuti pale Orange, Massachusetts, mwaka 1959, watu walijaa kwenye maonyesho kumtazama Georgia 'Tiny' Broadwick. Hakufika hata kilo 40. Alikuwa kibarua wa kiwanda cha pamba North Carolina alipoanza kuruka kutoka kwenye puto mwaka 1908, akiwa na miaka 15 tu. Binti yake alimwacha kwa bibi.

Mwaka 1914, San Diego, akiwaonyesha wanajeshi kazi, kamba ya kufungulia parachuti ilinasa kwenye mkia wa ndege. Alipopanda tena, akaikata, akajiachia, akafungua kwa mkono wake mwenyewe.

Kilichomstaafisha mwaka 1922 ni enka, kama wachezaji wetu wengi tu, baada ya kuruka zaidi ya mara 1,000. Alifariki mwaka 1978.