Joy Adamson na Garissa: mapenzi ya safari yalivyogeuka kazi

Kijana wa Galbet akishika simu yake akaelekea mtoni Tana kupiga picha za ngamia wakinywa maji, wazee humuuliza: hiyo nayo ni kazi? Swali hili si geni. Zaidi ya miaka 80 iliyopita aliingia mjini Garissa mwanamke ambaye maisha yake yalikuja kuwa jibu la swali hilo, ingawa ndani ya jibu lenyewe mna tamu na chungu.

Wengi wetu tunamjua Joy Adamson kwa simba wake Elsa. Lakini kabla ya Elsa, Joy alikuwa msafiri na mchoraji, na alikula kwa jasho la safari zake.

Alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 katika mji wa Troppau, uliokuwa chini ya dola ya Austria, ambao leo uko Jamhuri ya Cheki na unaitwa Opava. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Friederike Victoria Gessner. Alisomea muziki, akajifunza ushonaji na uchongaji, wala hakutulia katika lolote. Mwaka 1935 aliolewa na Viktor von Klarwill, na mwaka 1937 akapanda meli kuja Kenya kutazama kama nchi hii ingewafaa kuishi. Melini alikutana na Peter Bally, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi. Ndoa ya kwanza ikavunjika, na mwaka 1938 akaolewa na Bally. Jina la Joy alipewa na huyo mume wa pili.

Bally alikuwa akizunguka nchi kukusanya mimea, na mkewe akifuatana naye. Mtu asiye na shughuli porini siku huwa ndefu. Joy akaanza kuchora maua. Hakutumwa na mtu wala hakulipwa. Alichora ua lilivyo, na jani lake na rangi yake, kabla halijanyauka. Kidogo kidogo michoro ikawa mamia. Waandishi wa vitabu vya mimea na bustani za Afrika Mashariki wakaanza kumtafuta awachoree, na mwaka 1947 Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Bustani cha Uingereza kikamtunuku nishani ya dhahabu. Kilichoanza kama cha kupitishia wakati kikawa kimemfungulia mlango.

Garissa inaingia katika kisa hiki mwishoni mwa mwaka 1942. Joy na Bally walifika huko wakati wa Krismasi, na ndipo alipokutana na George Adamson, bwana nyama wa upande ule, mtu wa kutembea na ngamia wiki baada ya wiki nyikani. George alizaliwa India mwaka 1906, akaja Kenya mwaka 1924, akafanya vibarua vya kila namna kabla ya kuajiriwa na idara ya wanyama mwaka 1938. Mapenzi yakazuka, ndoa ya pili nayo ikavunjika, na mwaka 1944 Joy na George wakaoana. Kwa Joy huo ulikuwa mwanzo wa kuijua kaskazini: Isiolo, Marsabit, Ziwa Turkana, na nyika zote zilizo kati.

Huko njiani aliona jambo lililomsumbua. Mavazi, shanga, nywele na mapambo ya watu vilikuwa vikibadilika mbele ya macho yake. Vijana walikuwa wakirudi kutoka vitani na mijini wakiwa na suruali na kofia, na mapambo ya wazee yakibaki sandukuni. Joy akaacha maua akaanza kuchora watu. Serikali ya kikoloni ilipoiona kazi hiyo, mwaka 1949 ikampa kandarasi ya kuchora makabila ya Kenya katika mavazi yao ya asili. Hapo ndipo mapenzi yalipogeuka ajira kamili.

Kazi hiyo ilimchukua miaka kadhaa. Alisafiri kwa gari, akalala hemani, akapitia kwa maafisa wa wilaya, machifu na wazee ili kupata mtu aliyekubali kuketi achorwe. Safari hizo zilimfikisha kila pembe ya nchi, na huku kwetu Pwani pia. Alipomaliza alikuwa na picha zaidi ya 500. Nyingi zimehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa mjini Nairobi, na mwaka 1967 akazitolea kitabu chenye jina The Peoples of Kenya. Mtu akitaka leo kujua bibi yake alijipamba vipi siku ya harusi, huenda akalipata jibu katika picha hizo.

Umaarufu mkubwa ulikuja baadaye. Mwaka 1956 George alimpiga risasi simba jike aliyemrukia, akagundua kuwa alikuwa na watoto watatu. Wawili walipelekwa kwenye bustani ya wanyama ya Rotterdam, na mdogo wao, Elsa, akabaki. Kitabu cha Born Free kilichotoka mwaka 1960 kilisomwa duniani kote, na filamu ikafuata mwaka 1966. Ndani ya kitabu hicho Joy anasimulia safari ya kumpeleka Elsa baharini, kwenye ufuo wa karibu na Kiunga. Fedha nyingi za vitabu vyake alizielekeza kwenye hifadhi ya wanyama.

Chungu nayo tuiseme. Joy hakuwa mtu mwepesi. Waliomjua wameeleza hasira zake na ugumu wake kwa wafanyakazi, na hata yeye na George waliishia kuishi mbalimbali. Tarehe 3 Januari 1980 aliuawa katika hifadhi ya Shaba, na aliyewahi kuwa mfanyakazi wake akahukumiwa kwa kosa hilo. George aliishi na simba wake Kora, katika kaunti ya Tana River, ng'ambo ya mto ukitoka upande wa Garissa, hadi alipouawa na majambazi tarehe 20 Agosti 1989.

Lakini chungu kubwa zaidi si tabia ya mtu mmoja. Wakati Joy akizunguka kaskazini atakavyo, mwenyeji wa huko hakuwa na ruhusa hiyo. Sheria za 1902 na 1934 ziliifanya nchi ile kuwa eneo la kufungwa. Kuingia kwa kibali, kutoka kwa kibali. Mchunga ngamia aliyeijua njia ya kila kisima hakuweza kwenda Nairobi wala kushuka Lamu bila karatasi ya mkubwa. Mgeni aliyekuwa nchini kwa miaka michache akalipwa kutembea na kusimulia, na mwenyeji akaketi kuchorwa. Tena wengi wa walioketi, ukiwatafuta leo, utawakuta kwa jina la kabila na si kwa jina lao.

Sisemi haya ili kuitupa kazi yake. Bila Joy, mengi yangepotea kabisa, na sisi wenyewe hatukuyaandika. Aliyefanya ana sifa yake. Ninachosema ni kwamba nafasi aliyopewa yeye, wenyeji walinyimwa, na athari yake haijakwisha. Hadi leo abiria anayetoka Garissa anajua maana ya kuteremshwa njiani kutoa kitambulisho.

Kwa hiyo kijana wa Galbet anayepiga picha za mto, za twiga wa Bour-Algi, za soko la mifugo, asidharauliwe. Anafanya alichofanya Joy, tofauti ni kwamba yeye yuko kwao. Maisha ya Joy yanamfundisha mambo matatu. Kwanza, asingoje kulipwa ndipo aanze, kwa maana maua yalichorwa miaka mingi kabla ya kandarasi. Pili, azidishe kazi na aihifadhi vizuri, kwa sababu serikali haikununua wazo lake Joy, ilinunua baada ya kuona picha zilizokwisha kuwa tayari. Tatu, na hili Joy hakulifanya vya kutosha, amtaje kwa jina lake kila anayempiga picha, baada ya kumwomba ruhusa.

Nasi wazee, na wenye mamlaka katika kaunti za Garissa, Tana River na Lamu, tuna letu la kufanya. Serikali ya mkoloni iliona faida ya kumlipa mgeni aizunguke nchi. Serikali zetu zishindwe vipi kumlipa mwenyeji?