Mary Ainsworth: Mapenzi Hayaishii Kwenye Chakula

Katika nyumba nyingi za Kitale na Bungoma yuko mume anayeamini kwamba akishaleta magunia ya mahindi na kulipa karo, amekwisha kupenda. Yuko pia mke anayeamini kwamba akishapika na kufua, amemaliza. Maisha ya mama mmoja mtaalamu yatatusaidia kuipima imani hiyo. Kazi yake kubwa aliianzia kwa jirani zetu, huko Uganda.

Mary alizaliwa mwaka 1913 katika jimbo la Ohio, Marekani, akakulia Toronto, Kanada, na huko akasomea saikolojia. Mwaka 1950 aliolewa na Leonard Ainsworth, wakahamia London. Alifanya kazi na Daktari John Bowlby, aliyechunguza madhara ya mtoto kutenganishwa na mama yake. Mwaka 1954 Leonard alipata kazi Kampala, naye Mary akamfuata.

Hakukaa bure. Akiwa na mkalimani, aliwatembelea akina mama 26 wa vijiji vya karibu na Kampala, wenye watoto wachanga 28. Kwa miezi kadhaa alirudi katika nyumba zile zile kila baada ya wiki mbili. Wakati huo wataalamu wengi walifikiri kwamba mtoto humpenda mama kwa sababu ya maziwa. Mary aliona mengine. Hata mtoto aliyeshiba alimfuata mama kwa macho, akatambaa nyuma yake, akalia alipoondoka na kumshangilia aliporudi. Watoto 16 walikuwa watulivu. 7 walilialia hata mama akiwa karibu. 5 walikuwa bado hawajashikamana na mama. Mara nyingi mama wa mtoto mtulivu alikuwa yule aliyemjua mwanawe vizuri na kuweza kueleza mambo yake madogo madogo.

Baadaye, huko Baltimore, Marekani, aliendelea na utafiti huo. Mama alitoka chumbani kidogo, kisha akarudi. Watoto wengine walimpokea wakatulia. Wengine waligeuza uso kana kwamba hawajali. Wengine walimng'ang'ania huku wakimkasirikia. Mwaka 1987 watafiti Cindy Hazan na Phillip Shaver walionyesha kwamba hata watu wazima wanaopendana wana mienendo kama hiyo.

Basi mume anayenyamaza na kugeukia redio, na mke anayefoka kwa sababu amechelewa, huenda wote wawili wanauliza jambo moja: nikikuita, utaitika? Tabia hiyo si hukumu ya maisha. Anayeitikiwa mara kwa mara hujifunza polepole kutulia.

Ndoa ya Mary mwenyewe ilivunjika mwaka 1960, bila watoto, naye aliumia sana hata akatafuta msaada wa mtaalamu. Tusimhukumu. Tujue tu kwamba kuyafahamu mapenzi ni jambo moja, na kuyaishi wawili ni jingine. Alifariki mwaka 1999.

Jiulizeni leo jioni, watoto wakishalala:

1. Mwenzangu akiingia nyumbani, je, naacha kazi yangu kidogo nimpokee?

2. Ni jambo gani dogo linalomsumbua wiki hii? Kama silijui, nimuulize, kisha ninyamaze nimsikilize.

3. Nikikasirika, je, ninasema ninachohitaji, au nanuna hadi kesho?