Maisha ya Bwana Alexander Fleming

Kwetu Segera masika yakikolea uyoga huchipuka juu ya vichuguu, na mama zetu huuokota asubuhi mapema kabla haujaingia funza. Sisi huula kwa ugali, nao una protini nzuri. Bali si wengi wajuao ya kwamba uyoga una ndugu, yaani ule ukungu uotao juu ya mkate uliolala. Wote wawili ni wa ukoo wa kuvu. Nataka kuwaeleza habari za mtu aliyepata dawa katika ukungu.

Alexander Fleming alizaliwa tarehe 6 Agosti, 1881, katika shamba la Lochfield, nchi ya Scotland. Baba yake alikuwa mkulima, akafa mtoto angali mdogo wa miaka saba. Kijana alipokwenda London kwa ndugu zake alifanya kazi ya ukarani katika ofisi ya meli kwa miaka minne, wala hakuipenda. Kisha akapata urithi kidogo kwa jamaa yake, ndipo alipoingia kusomea udaktari katika hospitali ya St Mary's.

Katika Vita Kuu ya Kwanza alipelekwa Ufaransa. Huko aliona askari wengi wakifa, si kwa risasi, ila kwa majeraha yaliyooza. Akagundua ya kwamba dawa kali zilizomiminwa katika majeraha marefu ziliziua chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo walinzi wa mwili, na vijidudu vikabaki ndani. Nadhani jambo hili halikumtoka moyoni.

Septemba 1928 alirudi kazini kutoka likizo. Mezani palikuwa na visahani alivyooteshea vijidudu, vimerundikana bila kuoshwa. (Angekuwa bwenini kwetu, kiranja angemtia adhabu!) Kisahani kimoja kilikuwa kimeota ukungu, na kandokando yake vijidudu vilikuwa vimeyeyuka. Mwingine angekitupa. Yeye akauotesha ukungu ule peke yake, maji yake akayaita penisilini, na mwaka 1929 akaandika habari zake. Lakini hakuweza kuisafisha dawa ile, na kwa miaka kama kumi watu hawakuijali sana.

Hapa wengi hukosea, wakidhani kazi yote ni yake. Walioisafisha ni Howard Florey, Ernst Chain, Norman Heatley na wenzao, huko Oxford. Februari 1941 walimtibu askari polisi mmoja aliyekuwa na vidonda vibaya usoni. Akapata nafuu. Dawa ilikuwa haba hata wakawa wakiitoa katika mkojo wake na kumrudishia tena. Ikawaishia, naye akafa mwezi wa Machi.

Mwaka 1945 Fleming, Florey na Chain walipewa Tuzo ya Nobel. Katika hotuba yake Fleming alionya ya kuwa mtu akitumia dawa isiyotosha, vijidudu havifi, bali huizoea. Wazazi wetu mniwie radhi, lakini onyo hilo bado latuhusu. Jirani yetu mmoja alipewa vidonge vya siku saba kwa ajili ya kidonda cha mguu, akavimeza siku mbili, maumivu yakatulia, vilivyobaki akampa mtoto mwenye kikohozi. Kidonda kilirudi, na mtoto hakupona kikohozi.

Wala mtu asile mkate wenye ukungu akidhani anajitibu; ukungu mwingine una sumu. Dawa hutolewa na kusafishwa na wataalamu. Hata uyoga wenyewe umekwisha kutoa dawa: mwaka 1951 wataalamu wa Marekani walipata katika uyoga kitu kiitwacho pleuromutilini, na mwaka 2007 dawa ya kupaka ngozi iliyotokana nacho ilikubaliwa kutumiwa na watu. Mimi natamani siku moja niuone uyoga wa vichuguu vyetu ndani ya kisahani cha maabara.

Bwana Fleming alifariki London tarehe 11 Machi, 1955, akazikwa katika kanisa kuu la St Paul's.