SIMEONI NSIBAMBI: MTU ALIYENYIMWA SAFARI YA NG'AMBO



Mwezi uliopita nilishuka Kigali kuwatembelea watoto wetu wanaokaa Nyamirambo. Wengi wenu mnajua wanavyoishi kule: chumba kimoja watu watatu au wanne, nje kelele za moto na harufu ya chapati, na Kiswahili kila kona, utadhani uko Bukavu au Bujumbura. Baada ya maombi kijana wetu mmoja alibaki nyuma. Alitoa bahasha iliyokuwa ndani ya Biblia yake. Ilikuwa barua kutoka mahali alipoomba kazi ya ukarani. Alifanya mtihani wa kuandika akapita, akaitwa kuhojiwa, akangoja majuma sita, kisha wakamjibu kwamba wamemchukua mwingine. Hiyo ilikuwa barua ya nne kwa mwaka mmoja.

Akaniambia kwamba ameamua. Ataacha kazi anayofanya sasa ya kushona kwa fundi mmoja kule Biryogo, auze simu yake, apande basi la Kampala. Nilimuuliza ana nani Kampala. Hana mtu.

Sikuwa na jibu la haraka, kwa maana mimi mwenyewe naijua barua ya namna hiyo. Nilipofika katika nchi hii nikiwa na diploma yangu ya chuo cha Biblia, niliomba kufundisha dini katika shule moja, nikaambiwa karatasi zangu hazifai. Kwa miezi mingi sikuweza kumpita mwalimu yeyote njiani bila uchungu moyoni. Basi sikumhubiria kijana yule. Nilimsimulia habari za mtu mmoja, na habari hizo nimeona niwaandikie na ninyi, kwa kuwa barua kama ile inaingia karibu katika kila nyumba yetu.

Mtu huyo ni Simeoni Nsibambi wa Uganda. Wazee wetu waliookoka katika uamsho wanalijua jina lake. Vijana wengi hawalijui, ingawa wakiitwa abarokore wanaitikia.

KIJANA MWENYE MATUMAINI

Nsibambi alizaliwa mwaka 1897 katika Buganda, katika jamaa ya heshima. Alisoma Mengo, kisha katika shule ya King's College Budo, shule ambayo wakati ule ilitoa watu wakubwa wa nchi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alitumika katika kikosi cha tiba. Vita vilipokwisha alipata kazi ya afya katika serikali ya Buganda. Kwa kijana Mwafrika wa miaka ile hiyo haikuwa kazi ndogo. Alikuwa na mshahara, alikuwa na cheo, na watu walimsalimu kwa heshima.

Lakini moyo wake ulitaka zaidi. Alitumaini kupata ufadhili wa masomo, ile tunayoiita burse, ili aende kusoma ng'ambo. Wapendwa, tunajua matumaini ya namna hiyo yanavyomkamata mtu. Anaanza kuishi kule kabla hajafika. Analala akiwaza ndege (wao walikuwa na meli), anawaza atakavyorudi, anawaza jinsi jirani watakavyomwita.

Burse haikuja. Walichaguliwa wengine, yeye akaachwa, na jambo hilo lilimuumiza sana. Wanaosimulia maisha yake hawafichi kwamba alivunjika moyo. Nami napenda lisifichwe, kwa sababu tumezoea kusimulia watumishi wa Mungu kana kwamba hawakuwahi kulia.

Katika huzuni hiyo, mwaka 1922, Nsibambi alikutana na Mungu. Alieleza baadaye kwamba alionyeshwa thamani ya safari ile aliyoililia, ikawekwa kando ya uzima wa milele, naye akaona ni kitu kidogo mno. Tangu siku hiyo alianza kumtafuta Yesu kwa bidii, akisoma Neno na kuwashuhudia watu.

MIAKA SABA KATIKA KITI KILE KILE

Hapa ndipo nilipomwomba kijana wetu asikilize vizuri. Huenda mtu akadhani kwamba Nsibambi aliamka asubuhi ya pili, akaiacha kazi, akaenda zake. Haikuwa hivyo. Kutoka mwaka 1922 mpaka 1929 ni miaka saba. Miaka hiyo yote aliendelea na kazi yake ya afya. Alipokea mshahara uleule na kuwatumikia watu walewale, huku jioni na siku za mapumziko akiwaambia watu habari za wokovu. Alioa, akaanza nyumba na mkewe Eva. Kukataliwa kulimbadilisha moyo kwanza. Kazi ilibadilika baadaye sana.

Mwezi wa Septemba 1929 alifika Kampala daktari mmoja Mwingereza, kijana bado, jina lake Joe Church. Alikuwa ametoka hapa hapa Rwanda, hospitali ya Gahini. Mnajua Gahini: ukipita Kayonza kuelekea Gatsibo unaiona juu ya kilima, ziwa Muhazi likiwa chini yake. Daktari huyo alikuwa amechoka kabisa. Miaka ya 1928 na 1929 njaa kali, ile Wanyarwanda walioiita Rwakayihura, ilikuwa imeua watu wengi upande wa mashariki, na watu wa hospitali walishinda wakilisha wenye njaa na kuzika wafu. Alikwenda Kampala kupumzika, naye rohoni alikuwa mkavu.

Katika kilima cha Namirembe, karibu na kanisa kuu, alikutana na Nsibambi. Mmoja alikuwa na elimu ya Cambridge, mwingine alikuwa amenyimwa elimu ya ng'ambo. Wakakaa pamoja na Biblia zao, wakifuatilia mafundisho ya Roho Mtakatifu tangu kitabu hadi kitabu, wakaomba. Daktari alirudi Gahini akiwa mtu mwingine.

Na Nsibambi? Baada ya hapo ndipo alipoiacha kazi ya serikali, awe mhubiri kwa wakati wake wote. Hakuwa na mshahara wa misheni wala cheo cha kanisa, na hakuwekewa mikono awe mchungaji mpaka kufa kwake. Alivaa kanzu ya kawaida, akaacha hata viatu, akawa anatembea Kampala akiwauliza watu kama wameokoka. Wako waliosema kwamba amepata wazimu. Mtu wa Budo, afisa, kutembea miguu mitupu!

ALIYETAKA KUACHA KAZI NA ALIYEAMBIWA AJITAZAME

Pale Gahini alikuwako mtu mwingine, Yosiya Kinuka kutoka Ankole, mkubwa wa wasaidizi wa hospitali. Naye Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alikuwa amekuja Gahini kufundisha. Kazi haikwenda vizuri. Watumishi walinung'unika, wakubwa na wadogo hawakusikilizana, na Kinuka alichoshwa na daktari pamoja na Blasio. Alitaka kuondoka.

Mwaka 1931 Kinuka alikwenda Kampala kwa Nsibambi. Bila shaka alitegemea kwamba mtu aliyeacha kazi yake mwenyewe angemwelewa yeye anayetaka kuacha yake. Nsibambi alimuuliza mambo ya Gahini, na Kinuka akaeleza mabaya yote ya mahali pale. Nsibambi alipomaliza kusikiliza, alimrudisha kwake mwenyewe: ubaya anaouona hospitalini unatoka pia ndani ya moyo wake, ambao haujatubu. Kinuka hakupendezwa. Lakini katika njia ya kurudi neno lile lilimshika, akajitoa kwa Yesu. Alirudi Gahini, katika kazi ileile, kwa watu walewale aliotaka kuwakimbia, akatengeneza nao. Baadaye alikuwa mchungaji.

Mnaona, wapendwa? Nsibambi aliiacha kazi, Kinuka alirudi kazini, na wote wawili walimtii Mungu. Ndiyo maana haifai kumpa kila kijana shauri moja.

Kutoka kwa watu wachache kama hao moto uliwaka. Mwishoni mwa mwaka 1933, katika mkutano wa Gahini baada ya Krismasi, watu walianza kuungama dhambi zao mbele ya wenzao, wakirudisha walivyoiba na kupatana na waliowachukia. Septemba 1935 Nsibambi, Blasio, Kinuka na Joe Church walihubiri pamoja Kabale. Blasio alikufa Januari 1936 kwa homa ya kupe, bado kijana, lakini uamsho haukufa naye. Ulifika Burundi, Tanganyika, Kenya na Kongo. Wako kati yetu ambao bibi zao waliokoka kwa sababu ya mambo yaliyoanzia pale juu ya ziwa Muhazi.

Nsibambi mwenyewe hakupata nafasi ya kuzunguka kote huko. Katika miaka ya 1940 afya yake ilidhoofika, akabaki nyumbani kwake Namirembe kwa muda mrefu. Waliokuwa na mizigo walimwendea pale, naye akawasikiliza na kuomba nao, mpaka Bwana alipomwita mwaka 1978. Mwanawe Apolo alisoma hadi Chicago, Marekani, na kuanzia mwaka 1999 hadi 2011 alikuwa Waziri Mkuu wa Uganda. Silisemi hilo kana kwamba Mungu alilipa deni la burse. Baba hakuiona siku hiyo.

TUJIFUNZE NINI?

Kwanza niseme ukweli. Nsibambi hakuwa mkimbizi. Alipoacha mshahara alikuwa na kwao, na lugha yake, na jamaa zake jirani. Sisi tunaishi kwa posho na kadi, na mtu wetu akiacha kazi ya kushona leo, jioni mama yake hana unga. Kwa hiyo asitokee mtu kumwambia kijana aache kazi kwa imani, halafu mwenyewe arudi nyumbani kula. Hata hivyo, yako mambo matatu ninayoyaona.

La kwanza: barua ya kukataliwa inajibu swali moja tu, kwamba kazi ile amepewa mwingine. Haisemi wewe ni nani. Wakati mwingine waliokukataa wamekosea, na wakati mwingine hata wamependelea ndugu zao. Hatulazimiki kuita uonevu mapenzi ya Mungu. Lakini hata palipo na uonevu, Mungu anaweza kutukuta. Soma Matendo 16 uone jinsi Paulo alivyozuiwa mara mbili kwenda alikotaka, ndipo akafika Filipi.

La pili: usihame siku ya uchungu. Ngoja moyo utulie kwanza. Nsibambi alikaa miaka saba. Sikuambii ukae saba, lakini kaa hata mwezi mmoja. Jiulize: Je, ninaenda mahali fulani, au ninakimbia tu barua hii? Nani atakula kwa jasho langu nikiondoka? Huko niendako namjua nani, na kadi yangu itakuwaje nikivuka mpaka? Je, nimemwuliza mtu mzima anayenipenda na asiyeogopa kunikemea?

La tatu: tazama kama shida inasafiri pamoja nawe. Kinuka angehama Gahini angebeba moyo wake hadi kwingine. Ikiwa tunagombana na kila fundi na kila tajiri, mji mpya hautatusaidia. Lakini kama moyo ni safi na kazi kweli haina njia, basi kuhama kwa mpango na kwa maombi si dhambi. Ibrahimu naye alihama.

Wazazi, nina neno kwenu pia. Kijana akirudi bila kazi, msimwulize mbele ya wageni. Wengine wanakaa Nyamirambo na njaa yao kwa sababu wanaogopa macho yetu kuliko wanavyoogopa njaa. Mfanye nyumba iwe mahali ambapo barua mbaya inaweza kusomwa kwa sauti.

Kijana wetu? Tuliachana usiku, akanisindikiza mpaka stendi. Hakuniahidi kitu. Juma lililopita alinitumia ujumbe kwamba bado yuko kwa fundi, simu hajaiuza, na kwamba ameanza kujifunza kukata suti, kazi ambayo fundi alikuwa hamruhusu kuigusa. Ameandika pia barua ya tano ya kuomba kazi. Ananiomba tumwombee apate jibu zuri.

Tutamwombea, kwa sababu kuomba kazi nzuri si kukosa imani. Na jibu likija baya, tutakuwa naye vilevile.

Katika ibada ya Ijumaa, kila mwenye barua ya namna hii, kijana au mzee, aje nayo. Tutaziweka mbele za Bwana pamoja. Asiyetaka jina lake litajwe alete tu bahasha.

Mungu awabariki.

Ndugu yenu na mtumishi mwenzenu katika Kristo,
Mchungaji