Bohuslav Martinů: Mtoto wa Mnara wa Kanisa

Kijana wetu wa kinanda amekuwa akitusikilizisha muziki wa Martinů kwenye simu yake kila baada ya mazoezi. Kwa kuwa hachoki kumtaja, tumeona tuandike habari za mtu huyo katika kijitabu cha jubilei.

Martinů alizaliwa tarehe 8 Desemba 1890 ndani ya mnara wa kanisa la Mtakatifu Yakobo, katika mji mdogo wa Polička, nchi ya Wacheki. Baba yake alikuwa fundi viatu, tena mpiga kengele na mlinzi wa moto, ndiyo maana familia iliishi huko juu, vidato 193 kutoka chini. Mtoto akajifunza fidla, na watu wa mji wakamchangia pesa akasome Prague. Harambee kabisa! Mwaka 1910 chuo kikamfukuza kwa uzembe, lakini wanaochelewa mazoezi wasijifariji na hilo, kwani baadaye alitunga karibu kila siku.

Alihamia Paris mwaka 1923. Vita vilipoanza mwaka 1939, aliwatungia misa ya sauti za wanaume askari wa kujitolea wa kwao waliokuwa Ufaransa. Juni 1940 Wajerumani waliikaribia Paris, akakimbia na mkewe Charlotte, akiacha kazi zake nyingi nyuma. Walifika Marekani mwaka 1941. Wakomunisti waliposhika serikali kwao mwaka 1948, njia ya kurudi ikafungika. Wenzetu wa Kakuma hawahitaji kuelezwa safari ya namna hiyo.

Kazi anayoipenda zaidi kijana wetu ni Kufunguliwa kwa Chemchemi, aliyoitunga Martinů mwaka 1955 akiwa Nice. Inahusu desturi ya vilima vya kwao: baridi ikiisha, watoto huenda kuondoa majani na takataka kwenye chemchemi ili maji yatiririke tena. Sisi ambao mama zetu huchimba mchanga wa Tarach na Kawalase hadi maji yatokee, tuliielewa bila kujua Kicheki. Iliimbwa kwa mara ya kwanza Polička, Januari 1956. Mwenyewe hakuwepo.

Alifariki Uswisi tarehe 28 Agosti 1959. Mwaka 1979 mwili wake ulirudishwa Polička, akazikwa penye kaburi la familia.

Leo, baada ya wimbo wa shukrani, kijana wetu atatupigia sehemu fupi ya Chemchemi. Tunaomba simu zizimwe.